Baraza Lililokataa Kukauka

Sifa mwanangu,

Ukifika usipande baraza. Zunguka nyuma, uingie kwa mlango wa jikoni, nimeuacha wazi. Mbao zote zimepakwa mafuta, kuanzia ukutani hadi ngazi, na ukizikanyaga utaacha nyayo zako pale mpaka kiangazi kingine. Najua utashangaa. Asubuhi ulipoondoka kwenda Lushebere, kwenye kambi ya wakimbizi, kumwona shangazi yako, baraza lilikuwa limeparuliwa tu, na mimi nilikuambia kwamba bado ni bichi. Nilikudanganya. Kaa kwenye kigoda, ule viazi kwanza, halafu usome. Usinitafute, niko kwa jirani, nitarudi ukishamaliza. Haya mambo nikikuambia uso kwa uso nitaanza kufoka, nawe unanijua, nikianza kufoka ujue nimeshindwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho, kabla jua halijapita kilima, unaondoka kwenda Walikale kuanza kazi yako. Najua umeshaamua kubaki. Juzi jioni nilikuwa nyuma ya ua nachuma lengalenga, nikakusikia ukisema na Jospin, yule kijana wa pikipiki. Ulimwambia kwa sauti ya chini, "Usikuje tena, Jospin. Ile safari niliiacha. Mama hawezi kubaki peke yake." Akakuuliza, "Na kazi?" Ukamjibu, "Kazi watapatia muntu mwingine." Nikabaki nimesimama na majani yangu mkononi. Ningeweza kutoka hapo hapo nikakukatalia. Sikutoka. Na nikuambie ukweli wote: kwa muda kidogo nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu kizuri barabarani, kabla hajaanza kujiuliza ni cha nani.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi yake nikaanza kuitengeneza hii safari yako bila wewe kujua.

Sitakufundisha kuchemsha maji wala kulala kwenye chandarua. Wewe ndiye muuguzi, mimi ni mama wa kuuza maziwa. Mavazi yako nimeyakunja, mfuko uko karibu na mlango, kama nimesahau kitu utakinunua. Ninachotaka kukuandikia ni habari za hili baraza, kwa sababu makosa yangu mengi yamo ndani yake, na la mwisho ulilinusa kwa pua yako mwenyewe.

Mbao zake ni za libuyu, mti mgumu wa msituni. Baba yako alizileta kutoka kwao Walikale mwaka tuliooana, juu ya lori lililokwama njiani hadi watu wa hapa wakaanza kunitania kwamba nimeolewa na mume wa maneno. Nyumba ilikuwa imejengwa kwenye mteremko, mlango wa mbele unaning'inia hewani, unaingia kwa kupanda jiwe. Baba yako akasimamisha nguzo, akapigilia mbao, tukapata baraza. Nilikuwa nakaa pale na kazi yangu mapajani nikiangalia ng'ombe wa watu kwenye kilima cha ng'ambo, nikajiona malkia. Basi habari zikafika kwamba bibi yako, mama yake, yule uliyepewa jina lake, anapanda kutoka Walikale kuja kuniona.

Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Mbao zilikuwa zimevimba na kuota kuvu ya kijani pembeni. Mtu mwenye akili angeziacha. Mimi nikafanya lile ambalo wanawake wengi wa hapa wamelifanya angalau mara moja wageni wanapokaribia: nilichukua vidanji, yale mafuta meusi yanayotolewa kwenye injini, nikayamwaga juu ya unyevu na uchafu, nikasugua kwa kitambaa. Lo, liling'aa! Bibi yako alifika, akakataa kiti, akaketi chini juu ya mbao, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu. Tukazungumza, akanywa maziwa, akamsifu mwanawe. Aliposimama, kitenge chake kipya kilikuwa cheusi nyuma kote. Baba yako akatazama mawinguni kama mtu anayetafuta ndege.

Yule mama hakunitukana. Alijigeuza, akaangalia kitenge, akaniangalia mimi, akasema, "Binti, ulikuwa unaficha nini huku chini?"

"Hakuna, Mama."

"Iko kitu. Lete majivu na maji ya moto."

Siku iliyofuata tulipiga magoti sote wawili tukasugua kwa majivu mpaka vidole vikatoka ngozi. Mvua ilipoacha na mbao zikapata jua, aliniomba kijiko. Akadondosha maji juu ya ubao mmoja, yakakaa pale yamejikusanya. "Unaona? Maji inabakia juu. Haina kiu bado. Na mafuta itabakia juu vilevile." Akangoja. Aliahirisha kurudi kwao kwa ajili ya mbao zangu, hadi siku maji ya kijiko yalipozama tukiwa tunayaangalia, ndipo akanionyesha kupaka. Nilimpenda kuanzia siku hiyo. Sikuwahi kumwambia, nilikuwa na aibu ya kitenge.

Kwa hiyo usidhani sikujua. Kijiko ulichokuwa unakitumia asubuhi hizi zote, mimi ndiye niliyekufundisha, na mimi nilifundishwa na mwenye jina lako.

Kosa jingine unalijua makovu yake tu. Tulipotoka Lushebere, ile mara ya kwanza tuliyokimbia vita, wewe ulikuwa darasa la pili. Tulikuta nyumba imesimama, Mungu ashukuriwe, lakini waliopita walikuwa wamechoma ukingo wa baraza kupikia. Mbao za chini waliziacha, labda zilikuwa ngumu kung'oa. Zilikuwa zimepauka, rangi ya majivu, zimejaa mavi ya mbuzi wa watu. Baba yako alisema tutazisafisha taratibu. Mimi nikachukua panga nikaanza kuparua kwa kukata nyuzi za mti, siyo kuzifuata, nikawa naparua na kulia, naparua na kutukana. Alinishika mkono akaniuliza, "Unapigana na nani?" Ile mistari karibu na dirisha, ambayo ulikuwa unaiita njia za mchwa, ni panga langu. Tumeisugua majuzi kwa msasa mimi na wewe na haikuisha.

Halafu baba yako akashuka tena Walikale kutafuta mbao za kutengeneza ukingo. Aliniambia, "Nikirudi tunapaka." Alirudi akiwa juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitambaa katikati ya dereva na mtu mwingine kwa sababu hakuweza kujishika kwa homa. Ulikuwepo. Ulimshikia kikombe. Alifia katika chumba kile cha upande wa kulia, mvua za kwanza zikiwa hazijaanza. Watu walisema kama angefikishwa mapema kwa muuguzi mahali fulani kwenye barabara ile angepona. Mimi sijui. Najua tu kwamba ulianza kusoma kwa hasira tangu wakati huo, na mimi sikukuuliza kwa nini.

Baada ya hapo sikuligusa baraza. Nililifagia, basi. Majirani walisema, "Mama Sifa, barza yako inaoza," nikawajibu sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilikuwa naona kwamba nikilipaka bila yeye, nitakuwa nimekubali. Misumari ikainuka ikawa inararua nguo zako. Siku ile ulipojikwaa na bidoni la maziwa ukaanguka hadi chini ya ngazi, nilikugombeza wewe. Nilidhani namtunzia baba yako kitu. Sikumtunzia kitu, mwanangu. Nilikuwa naziacha mbao zake zioze, halafu naita hiyo mapenzi.

Wewe ndiye uliyelianzisha tena. Ulirudi na diploma yako, simu ikaja kutoka Walikale kwamba kituo cha afya kina nafasi, na ulichosema siyo "naenda". Ulisema, "Mama, mbele ya kwenda, tupake barza." Nikakuambia una wazimu, nani anapaka baraza nyakati hizi, kesho tunaweza kukimbia tena. Ukaniambia, "Tukikimbia, tutaacha barza muzuri." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Zile siku tulizofanya kazi pamoja zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote tangu baba yako aondoke. Naziandika hapa ili ujue, maana nilikuwa nalalamika muda wote. Wewe umepiga magoti na kipande cha chupa unaparua, mimi nakufuata na majivu. Ulivyochokonoa nafasi kati ya mbao kwa kisu, tukatoa maharage yaliyonyauka, meno ya kitana, kifuniko cha kalamu ya stilo ambacho uliapa kwamba kilikuwa chako na mwalimu alikuchapa kwa ajili yake. Ulivyopigilia misumari mpaka vichwa vikazama, ukijipiga kidole, ukasema neno ambalo muuguzi wa Kikristo hapaswi kulijua. Jioni tulikuwa tunakula tukiwa tumejaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nyumba ilikuwa na sauti.

Ndipo nikaanza kuona kwamba tunamaliza.

Sasa nisikilize. Mimi sijui kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono wangu haujui kipimo hicho. Wachungaji wanaleta maziwa asubuhi, tunapima, tunasemezana habari za ng'ombe, wanakwenda, na baada ya hapo hakuna anayeniita mpaka kesho yake. Ulipokuwa shuleni nilivumilia kwa sababu ulikuwa unarudi likizo. Kwenda kazini ni kitu kingine. Na barabara ni ile ile. Nilikuwa naamka alfajiri naangalia zile mbao safi, zimekaa zinangoja jua tu, nikajua kwamba siku maji ya kijiko yatakapozama tutapaka, na tukishapaka utapanda pikipiki.

Kwa hiyo nikawa nazimwagia maji. Ndiyo, mimi. Kabla hujaamka nilikuwa nachukua maji niliyooshea mabidoni ya maziwa nayamwaga juu ya baraza, nayasambaza kwa ufagio. Ukija na kijiko chako, "Mama, iko bado mubichi?" nakujibu, "Bado. Ni huu ukungu wa milimani." Uliamini. Au ulijifanya kuamini, sasa sijui tena. Kiangazi hiki hakijatuletea tone la mvua, vumbi linafika mpaka ndani ya sufuria, na binti yangu mwenye diploma anaambiwa mbao hazikauki kwa sababu ya ukungu! Uliwapigia simu Walikale kuomba siku nyingine, halafu ukaomba tena. Mara ya pili niliona uso wako baada ya kukata simu. Na asubuhi iliyofuata nikayamwaga tena.

Mpaka ile siku ulipoinama, ukapitisha mkono chini ya mbao, ukautoa umelowa, ukaunusa. Uliniangalia. Nilijifanya natafuta kuni. Ukasema, taratibu kabisa, "Mama, ukungu ya leo iko inanuka sabuni."

Ukaingia ndani kuosha vyombo. Ungenigombeza ningejua la kufanya, mimi kugombana nakuweza. Wewe ulikwenda kuosha vyombo, na jioni ukamwambia Jospin asije.

Hicho ndicho kilichoniumiza, Sifa. Siyo kwamba ulinigundua. Ni kwamba uliona upweke wangu, ukaupima, ukaamua kuubeba. Ungebaki hapa ukanisaidia kuuza maziwa, ukanicheka, ukanipikia, na kila jioni ungekuwa unaangalia upande ule barabara inakoshukia. Na mimi ningekuwa najua, nakula chakula chako na najua. Nafasi yako ingekwenda kwa mtu mwingine kwa sababu ya maji machafu ya mama yako.

Basi jana, ulipokwenda kisimani, nilimpigia simu mkuu wa kituo. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu kwa sababu ndiyo uliyotumia. Aliitika kwa haraka, mama mwenye sauti nzito, nikamwambia mimi ni nani.

"Huyu mutoto wako alisema hakuji tena," akaniambia. "Na mimi niko na mwingine hapa anangojea."

"Mama, yeye hana kosa. Ni mimi nilimuchelewesha."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Ugonjwa, mazishi, barabara. Yakaniponyoka yote. Nikasema, "Juu ya kubakia peke yangu."

Halafu akasema, "Mutoto wa kwangu iko Kinshasa. Inaenda mwaka ya ngapi, sijui." Akavuta pumzi. "Mama, mumutume. Kama Jumapili, siku ya Mungu, inapita hajafika, nitapatia mwingine, na usinipigie tena." Nikamshukuru, akakata. Sijawahi kumwona yule mama, lakini nilikaa jikoni nikimfikiria kwa muda mrefu.

Jana na leo asubuhi sikumwaga maji. Ulikuwa unaharakisha kwenda Lushebere, hukujaribu kwa kijiko, ukanitupia jicho tu nikakuambia bado ni bichi. Ulipopotea kwenye kona nilingoja jua lipige vizuri hadi mchana. Nikadondosha maji. Yakazama mara moja, zile mbao zilikuwa na kiu kweli. Nikachukua kitambaa na mafuta safi, nikapaka kwa kufuata nyuzi, kidogo kidogo, nafuta yanayozidi kama bibi yako alivyonionyesha. Sikuruka ubao hata mmoja. Makovu ya panga yamekunywa mafuta mengi kuliko sehemu nyingine, yamekuwa meusi zaidi, mtu atayaona. Na ayaone.

Nilipofika kwenye ngazi nikasimama, nikageuka kukuonyesha. Hukuwepo. Ulikuwa Lushebere tu, Sifa, mtu anakwenda na kurudi kwa miguu siku hiyo hiyo, lakini moyo wangu ulianguka kama wewe umekwisha kufika mwisho wa dunia. Nikaketi kwenye jiwe na mikono yangu michafu nikalia. Ndipo nilipojua itakuwaje. Nitageuka mara nyingi, na hutakuwepo. Sikudanganyi kwamba nitazoea, sijui. Upweke huo ni wangu, nimeukuta ndani ya nyumba yangu, nitakaa nao. Sitaki tena kuukabidhi kwako uubebe kwa jina la utii.

Nakuomba kitu kimoja, na siyo kwamba unipigie kila siku. Usinidanganye. Ukiwa umechoka niambie umechoka. Ukiwa unafurahi huko hadi unasahau kuniita, furahi, halafu siku ukikumbuka niambie kwamba ulinisahau kwa sababu ulikuwa unafurahi. Nitanuna kidogo. Kununa siyo ugonjwa, na hata kama ni ugonjwa, wagonjwa wako wako Walikale.

Jospin atakuja kesho alfajiri, nyuma, upande wa jikoni. Nimemweleza yote. Nimemwambia pia kwamba nitaamka, nitakuaga vizuri, nitakuwa mtu mzima. Lakini najijua. Injini ikishawaka nitakumbuka kitu, nitasema mfuko haujafungwa vizuri, au kuna wingu baya upande wa msitu, au kichwa kinaniuma. Kwa hiyo nimemwapisha mbele ya Mungu: akinisikia nasema ngoja, aongeze mwendo.

Mama yako